Usipandishe fonti ya demo kabla hujaiandikia "ng'ombe" na bei

Mkuu simama hapo hapo, hiyo fonti usiipandishe. Umesema umeshusha demo (toleo la fonti la kujaribia kabla hujainunua) ya mwandiko wa mkono kwa tovuti ya kadi za harusi na nyingine ya mtindo wa gemu za zamani, unauliza kama zinaendana na mada. Kuendana zinaweza kuendana, shida haiko huko.

Mimi nilitengeneza tovuti ya mgahawa wa nyama choma, mwenyewe anataka ikae kama baa za makauboi wa Marekani, mbao mbao, herufi nene zenye miguu. Nikapata demo moja, sampuli yake inavutia balaa, nikaimwaga kwenye menyu nzima, nikaangalia kichwa tu nikamkabidhi Ijumaa. Jumamosi mchana simu inaita, wateja wanagombana na wahudumu, menyu haina bei! Nafungua naona "Mbavu za ng ombe nusu kilo Sh" halafu peupe. Tarakimu zote hamna. Kumbe kwenye ile demo nafasi za namba na za alama ya ng' zimeachwa tupu ili ununue fonti kamili, na brauza ikikuta nafasi ipo haihangaiki kuazima fonti nyingine, inachora hewa. Bora hiyo nafasi ingekosekana kabisa, brauza ingeazima. Hela ya kumalizia sikupewa na mteja akaondoka.

Na yule jamaa wa grupu la madizaina aliyeniambia "sampuli inatosha" bado anafundisha watu mpaka leo, inaniuma sana, fonti anazozisifia hajawahi kuziandikia bei hata siku moja.

Andika maneno yako mwenyewe kwanza: ng'ombe, 0 mpaka 9, bei, tarehe ya harusi. Hiyo ng' iandike mara mbili, kwa alama iliyonyooka na kwa ile iliyopinda ambayo Word inaiweka yenyewe, kwa brauza ni alama mbili tofauti na fonti inaweza kuwa na moja ikakosa nyingine. Halafu fungua kwenye simu, sio kompyuta yako tu.

Kwa harusi jaribu Great Vibes ya Google Fonts, ni bure hata kwa kazi ya biashara, majina ya maharusi tu, na usiyaandike yote kwa herufi kubwa, hayasomeki. Ila demo uliyonayo iandikie tarehe ya harusi uniwekee picha hapa kabla hujamkabidhi mtu, usiku huu huu naiangalia.