Maneno Marefu ya Kiholanzi: Mkazo Uko Wapi, Ukate Wapi?

Nikisema voetbalSCHOEnen (viatu vya mpira) dukani wananiuliza mara mbili, nakosea nini?

Umeweka mkazo wa nyumbani. Kwetu mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho na ukiunga maneno unahama nao, mwana peke yake ni MWAna lakini mwanafunzi unasikia mwanaFUnzi. Waholanzi wao kawaida neno la kwanza ndo linabeba, yaani VOETbalschoenen, na hata urefushe mkia iwe VOETbalschoenenwinkel (duka la viatu hivyo) bado ni VOET tu.

Mwalimu kanikosoa kwa kukata "tui-naarde" mwisho wa mstari. Si ndo inavyosikika?

Inasikika hivyo kwa sikio letu maana silabi zetu karibu zote zinaishia na vokali, kwa hiyo ile n tunairusha mbele bila hata kujua. Kiholanzi kinakata kwenye mshono wa maneno mawili: tuin (bustani) na aarde (udongo), tuin-aarde. Na jamani msidharau mshono, angalia valkuil, ukikata val-kuil ni shimo la mtego, ukikata valk-uil umepata kipanga na bundi! Massagebed nalo, massage-bed ni kitanda cha masaji, massa-gebed ni sala ya umati. Tena mshono unasikika mdomoni: avonden (jioni nyingi) ile d inabaki d, ila avondeten (chakula cha jioni) inatamkwa avont-eten, kwa sababu d iko mwisho wa neno lake na mwishoni d inakuwa t hata kama vokali inafuata. Hapa ndo napenda watu wakae wasikilize, ukiusikia huo mshono mengi yanafunguka.

Mbona wanasema stadHUIS (ofisi kuu ya mji)?

Yapo yanayovunja kanuni, boerenKOOL (mboga jamii ya kabichi) pia, hayo kariri tu. Ila hili kuwa nalo makini: STEENrijk ni penye mawe mengi, steenRIJK ni tajiri kupindukia.

Voorkomen ni kutokea au kuzuia?

Yote mawili, mkazo ndo unaamua. VOORkomen ni kutokea, voorKOmen ni kuzuia, na kwenye maandishi ukihofia kuchanganya unaweza kuweka alama, vóórkomen. Ukisahau jaribu kulitumia kwenye sentensi: het komt voor (inatokea), limeachana vipande viwili, basi mkazo uko VOOR, ik voorkom (nazuia) haliachani, mkazo uko KOM.