Maswali yenu: wadudu wa maua ya ndani

*Nimenunua krotoni kwa wauza miche wa barabarani. Niichanganye moja kwa moja na maua ya sebuleni?* (Tabata)

Hapana, ndugu yangu. Ikae peke yake wiki mbili hadi tatu, barazani au chumba kingine. Mayai ya wadudu huyaoni dukani. Kila baada ya siku chache pindua majani, angalia chini yake na pale jani linapoungana na shina.

*Ua langu lina vitu vyeupe kama pamba, na sisimizi wamejaa. Ni wao wanaolila?* (Kinondoni)

Wanaolinyonya ni hao weupe, vidung'ata. Jike hutaga mamia ya mayai ndani ya hiyo pamba, na watoto wakianguliwa hutembea hadi ua la jirani kama majani yanagusana. Sisimizi wanafuata majimaji matamu yanayotolewa na vidung'ata. Kwa ajili hiyo huwalinda dhidi ya maadui, na wengine huwabeba kwenda mmea mwingine. Ukiua vidung'ata ukawaacha sisimizi, kazi utairudia.

Kwanza litenge hilo ua leo hii, kabla hujafikiria dawa. Kisha chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, umguse kidung'ata mmoja mmoja. Ila anza kwa kuijaribu spiriti kwenye jani moja na usubiri hadi kesho yake. Rudia kila wiki kwa mwezi mzima. Chungu kiweke juu ya tofali ndani ya beseni la maji yenye sabuni kidogo, sisimizi wasivuke. Maji hayo yabadilishe kila baada ya siku mbili, tafadhali. Mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama, na dengue tunaijua hapa Dar.

*Waridi la barazani lina vidoa vya njano na utando mwembamba.* (Kigamboni)

Huo ni utitiri mwekundu. Kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe, utaona vinukta vinatembea. Ni jamii ya buibui, hivyo dawa nyingi za wadudu haziuwezi. Kwenye joto la kaskazi huchukua kama wiki moja tu kutoka yai hadi kukomaa, na upepo huusambaza. Sogeza maua mengine mbali. Osha chini ya majani kwa maji ya nguvu, kisha jioni pulizia maji ya sabuni, kijiko cha chai kwa lita moja. Rudia kila siku ya tano.

*Ua limekufa kwa wadudu. Udongo na mkasi vinafaa tena?* (Ubungo)

Udongo utupe. Mkasi ufute kwa spiriti kila unapohama mmea.

*Dawa ya mbu ya kopo je?* (Sinza)

Usithubutu. Itaunguza majani.