Jibu: went na kwenda si ndugu

Salamu mkuu. Umeuliza kwa nini go ya Kiingereza, ikiwa katika wakati uliopita, inakuwa went, na kama went imetokana na kwenda yetu.

Went haikuwa ya go. Ilikuwa ya kitenzi kingine, wend, kama sent ilivyo ya send na bent ya bend. Wanafunzi wangu huwa wanaelewa hapo hapo nikiwaandikia hizo tatu ubaoni. Wend ilitoka kwenye wendan ya Kiingereza cha kale, yaani kugeuka au kugeuza, na Wajerumani mpaka leo wana wenden. Go ilikuwa na eode kama umbo lake la wakati uliopita; kufikia karne ya 15 went ilikuwa imeshaisukuma pembeni. Wend yenyewe ikatengenezewa wended.

Kuhusu kwenda, angalia kwanza hiyo w: imetokea pale ku- ilipokutana na enda. Kisha tazama jirani. Waganda wanasema genda, Wanyarwanda kugenda. Kwetu g ilidondoka. Kwa hiyo ukirudi nyuma unaikuta genda, si wenda, na kufanana kote kunaishia hapo. Swali lako ni zuri sana, nami niliwahi kudhani hivyo hivyo.