Tuanze na Filamu Ipi ya Little Women?

SWALI: Mhariri, binti zangu wamesoma riwaya ya Little Women ya Louisa May Alcott, ila baba yao hajaisoma. Kati ya filamu ya 1994 na ya 2019, tuanze na ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, anzeni na ya 1994 iliyoongozwa na Gillian Armstrong, kwa kuwa inasimulia maisha ya dada wanne kwa mfululizo, ilhali ile ya 2019 ya Greta Gerwig inaanza na Jo, mmoja wa dada hao, aliyekwisha kuwa mtu mzima New York, kisha inarudi nyuma mara kwa mara, jambo linaloweza kumchanganya baba. Hata hivyo, mimi naipenda zaidi ya 2019, hasa kwa sababu Amy, mdogo wake Jo anayechukiwa na wengi kwa kuuchoma muswada wa Jo, anapewa nafasi ya kueleza kwamba ndoa, kwa mwanamke wa zama zile, ilikuwa suala la kiuchumi.