Pigo la moyo ndilo linaloukamua

Wiki hii mmeuliza: "Mgonjwa wa moyo huvimba miguu na mapafu huingia maji. Nyama ya moyo yenyewe hujikinga vipi?" Mimi ni muuguzi hapa Arua, Uganda, na swali hilo niliwahi kuulizwa na kijana aliyekuwa akimwuguza babu yake. Nilikuwa nimebonyeza mguu wa mzee, kidole kikaacha shimo. "Sista, na moyo wake umevimba hivi?"

Wengi wakisema "moyo umejaa maji" wanamaanisha mfuko unaouzunguka, ambao kwetu Afrika mara nyingi hujaa kwa sababu ya kifua kikuu. Nyama ya moyo ni habari nyingine.

Nyama hiyo imesheheni vishipa vyembamba vya damu, na muda wote majimaji huvuja humo yakaingia kati ya seli. Huondolewa na mishipa ya limfu, yaani mirija inayozoa majimaji hayo (yakiwa humo huitwa limfu) na kuyarudisha kwenye damu, na kinachoisukuma limfu hiyo ni pigo lenyewe la moyo. Moyo ukilegea, mishipa hujaa. Ukijikaza, huminywa, na vali ndogo ndani yake huzuia majimaji yasirudi. Fikiria shuka linalokamuliwa mara laki moja hivi kwa siku, usiku na mchana, bila mkono kuchoka. Mimi hili hunishangaza hadi leo.

Kuna kinga nyingine pia. Maji yakizidi kidogo, shinikizo kati ya seli hupanda upesi na kuzuia mengine kuvuja. Limfu nayo ikienda kwa wingi huzoa protini, ambazo zingebaki zingezidi kuyavuta maji.

Lakini kinga hizi zina mwisho. Daktari akiusimamisha moyo ili atengeneze vali, kama wafanyavyo Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, ukamuaji husimama pia, na nyama huanza kulowa. Na limfu ya moyo humwagikia kwenye vena kubwa, mishipa inayorudisha damu moyoni, karibu na shingo. Moyo ukishindwa kazi, damu hurundikana kwenye vena hizo na limfu hukosa pa kutokea. Uvimbe ukidumu, nyuzi ngumu za protini iitwayo kolajeni huongezeka, moyo ukakakamaa.

Kwa hiyo nilimjibu kijana kwamba ndiyo, moyo wa babu unaweza kulowa. Mzee alikuwa akiruka vidonge vya kukojoza kila siku ya safari, akihofia basi halitasimama njiani. Tangu siku ile mjukuu ndiye aliyemshikia vidonge, na safari zake wakazipanga kwa vituo vyenye choo.