STI otomatiki? Soma chesisi kwanza
Mkuu, umeuliza kama Subaru WRX STI ya umbo la 2014 unayouziwa ni otomatiki kweli. Hapana, haikuwahi kutoka na otomatiki. Hiyo unayouziwa ni WRX S4, gia yake ni CVT, yaani otomatiki isiyo na ngazi za gia. Namba ya chesisi ikianza na VAB ndiyo STI, gia sita za mkono. VAG ni S4. Zote zinavuta magurudumu yote manne, hapo usisumbuke. STI otomatiki ilikuwepo kwenye umbo lililotangulia, toleo liitwalo A-Line, injini ya lita 2.5.

Ukichukua ya mkono pima klachi: gia ya tano, mwendo mdogo, kanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ukiruka na mwendo hauongezeki, pleti imekwisha. Na tairi zote nne ziwe sawa, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, haipendi mchanganyiko.