Seli za leukemia zinapokomaa, ipime MYC mapema

Wanafunzi wanaoanza kukuza seli za HL-60, seli za leukemia (saratani ya damu) zinazokuzwa maabara, huniuliza wapime MYC, onkojeni yaani jeni inayoweza kuchochea saratani, siku ya ngapi. Mimi huwajibu kwa saa. Seli hizi zikiwekewa dimethili salfoksaidi, kemikali inayozikomaza, huchukua siku kadhaa kukomaa, ilhali RNA ya MYC, yaani ujumbe unaonakiliwa kutoka jeni hiyo, huporomoka saa chache za mwanzo. Anayevuna sampuli siku ya tatu ataikuta MYC iko chini, lakini hatajua kama ilitangulia kushuka au ilishuka kwa sababu seli zimeacha kugawanyika. Na hilo ndilo swali lenyewe.

HL-60 zilitoka kwa mgonjwa wa leukemia huko Marekani katika miaka ya 1970, nazo zina nakala nyingi mno za jeni ya MYC. Kinachonivutia ni kwamba zikianza kukomaa, nakala hizo haziendi popote. Jeni huanza kunakiliwa kama kawaida, kisha unakili hukwama karibu na mwisho wa eksoni ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha jeni. Kwa kuwa RNA ya MYC hudumu dakika chache tu, kiasi chake hushuka haraka. Kwa hiyo usipime RNA iliyopo peke yake. Pima pia kasi ya unakili, mwanzoni mwa jeni na mbele yake.

Katika seli za Friend, seli za leukemia za panya ambazo hukomaa kuelekea chembe nyekundu za damu, kuna mtego mwingine: MYC hushuka upesi, hupanda tena, kisha hushuka kwa mara ya pili. Ukiwa na sampuli mbili tu utaandika hadithi isiyokuwepo. Mimi huvuna kila saa mwanzoni, hata kama ni kukesha.

Chagua dawa ya kukomaza ukijua inakoelekeza seli. Asidi ya retinoiki huzipeleka HL-60 kuwa granulosaiti, vitamini D3 kuwa monosaiti, zote mbili aina za chembe nyeupe za damu. Kemikali ziitwazo esta za forboli huzifanya makrofaji, seli zinazomeza vijidudu, na hapo onkojeni nyingine, FOS, hupanda. Usichanganye matokeo hayo katika jedwali moja.

Kisha jaribu kuivuruga MYC yenyewe. Seli za Friend zikilazimishwa kuendelea kuitengeneza hushindwa kukomaa. HL-60 zikizuiwa kuitengeneza huanza kukomaa hata bila dawa. Jaribio la namna hii lina uzito kuliko grafu kumi za kushuka. Sambamba nalo, weka kundi la seli zilizosimamishwa kugawanyika bila kukomazwa, uzipime saa zilezile.